Mama Yake Yuko Wapi? Watoto wa wanyama katika vyombo vyetu vya habari



Nimeombwa nieleze kwa nini vyombo vya habari vinapenda sana habari za watoto wa wanyama. Wapo watakaoiona mada hii kuwa nyepesi kwa jioni ya namna hii. Mimi naiona nzito. Ukitaka kujua chumba cha habari kinavyofikiri, usitazame ukurasa wake wa kwanza siku ya uchaguzi tu. Tazama kinafanya nini na picha ya mtoto wa ndovu iliyoletwa mezani jioni, katika mwaka ambao nchi ina njaa.

Nianze na kisa cha pwani yetu, kwa sababu nakijua vizuri na kwa sababu kilizunguka dunia nzima.

Mwishoni mwa mwaka 2004 mvua ziliuinua Mto Sabaki, na kundi la viboko likateremka na maji hadi karibu na mdomo wa mto, kaskazini mwa Malindi. Wenyeji walihangaika kuwarudisha juu. Mkulima yeyote wa kando ya mto atakwambia sababu: kiboko hushinda majini mchana, usiku akatoka kutafuta malisho, na akipita katika shamba lako hakuachii kitu. Tarehe 26 Desemba tsunami ikafika. Kesho yake akaonekana mmoja tu, mtoto wa mwaka mmoja hivi, amekwama baharini kwenye mwamba wa matumbawe.

Wavuvi, wenyeji na wageni walishinda wakijaribu kumtoa. Alikuwa na uzito wa karibu kilo 270, ngozi yake inateleza, ana woga na ana hasira, na nyavu za kawaida hazikumweza. Mwishowe mwanamume mmoja aliyeitwa Owen alimrukia akamng'ang'ania hadi nyavu imara zaidi zikamfunga, na ndiyo sababu mnyama yule naye akaitwa Owen. Akapakiwa kwenye gari, akapelekwa Haller Park, Bamburi. Huko alikuwako kobe mkubwa wa asili ya visiwa vya Aldabra, anayeitwa Mzee, ambaye umri wake ulikadiriwa kuwa miaka 130. Owen alipofunguliwa tu alimkimbilia kobe yule, akajibanza nyuma yake kama mtoto wa kiboko anavyojibanza nyuma ya mama yake. Mzee akafoka, akajiondokea. Owen akamfuata. Kulipokucha wakakutwa wako pamoja, na tangu hapo wakawa wanakula pamoja, wanaingia majini pamoja, wanalala mmoja amemwegemea mwenzake.

Picha za Peter Greste zilionekana kila mahali. Kufikia 2006 kulikuwa na kitabu cha watoto kilichochapwa Marekani na kuuzwa sana, mmoja wa waandishi wake akiwa Dakta Paula Kahumbu, Mkenya aliyekuwa akiisimamia bustani ile. Habari ilikuwa ya kweli, ilikuwa njema, na sitasema neno baya juu yake. Baada ya wiki za maiti na magofu ya Aceh na Sri Lanka, watu walihitaji kuona kiumbe aliyeokoka.

Sasa niwaulize. Nani katika ukumbi huu amewahi kusikia habari za Owen na Mzee? Naona mikono mingi. Na nani anajua kilichotokea Hafun?

Hafun ni mji wa wavuvi kwenye rasi ya kaskazini mashariki mwa Somalia. Wimbi lile lile lililomtupa Owen liliua watu wapatao 300 Somalia, wengi wao katika eneo hilo. Tanzania walikufa watu wasiopungua kumi. Kenya alikufa mtu mmoja. Tetemeko lilipiga karibu na Sumatra saa kumi kasoro dakika moja alfajiri kwa saa zetu, na maji yalichukua zaidi ya saa sita kuvuka bahari hadi upande huu. Maana yake ni kwamba mvuvi wa Hafun alikuwa na nusu siku ya kupanda mlimani, kama angekuwapo mtu wa kumwambia apande. Kenya habari ilifika, polisi wakawaondoa watu kwenye fukwe za Mombasa. Somalia hapakuwa na serikali ya kupiga simu wala ya kupigiwa. Bahari ya Hindi yote haikuwa na mfumo wa kutahadharisha tsunami, ilhali Pasifiki ilikuwa nao tangu miaka ya 1960.

Hiyo ndiyo habari kubwa ya Afrika Mashariki katika tsunami: kwa nini mwambao mmoja alikufa mtu mmoja, na mwambao jirani wakafa mia tatu. Ina mashujaa wake, askari waliozunguka ufukweni siku ya mapumziko wakiwafokea watu watoke majini. Ina uchungu wake. Ina swali ambalo serikali zetu zilipaswa kulijibu. Haikupata picha. Mtoto wa kiboko alipata.

Simlaumu mtoto wa kiboko. Nataka tuelewe ilikuwaje.

Tuanze na uso. Mwaka 1943 Konrad Lorenz, mtaalamu wa Austria wa tabia za wanyama, ambaye mwaka 1973 alishiriki Tuzo ya Nobel, aliandika juu ya alama zinazomvuta mtu mzima kwa mtoto: kichwa kikubwa kuliko kiwiliwili, paji pana, macho makubwa yaliyokaa chini usoni, mashavu ya mviringo, viungo vifupi vinene, mwendo wa kupepesuka. Tumeumbwa tukiona alama hizo tulegee na tutake kulinda, kwa sababu mtoto wetu huzaliwa hawezi lolote, na asiyependwa hafi kesho, hufa leo. Lakini macho yetu hayachagui. Alama zile zile anazo mtoto wa duma, wa ndovu, wa dubu, na mioyo yetu humwitikia kana kwamba ametoka tumboni mwetu. Mwaka 2008 watafiti wa Oxford walipima ubongo wa watu wazima wakitazama nyuso, wakaona kwamba sehemu moja iliyo juu ya macho huuitikia uso wa mtoto mchanga ndani ya moja ya saba ya sekunde. Kabla mtu hajaamua kama ataitazama picha, keshaitazama.

Kuna utafiti mwingine ninaoupenda zaidi, wa Chuo Kikuu cha Hiroshima, uliochapishwa 2012. Watu walionyeshwa picha za watoto wa mbwa na wa paka, kisha wakapewa kazi zinazohitaji uangalifu. Walizifanya kwa makini zaidi kuliko wale walioonyeshwa wanyama wakubwa. Lishikeni hilo, kwa maana nitalitegemea baadaye. Tunadhani picha ya mtoto wa mnyama humlaza msomaji. Kumbe humwamsha. Anapotazama picha ile yuko makini, ameinama, na yuko tayari kusikia. Halafu sisi hatumwambii kitu.

Uso peke yake, hata hivyo, hautoi gazeti. Gazeti hutolewa na watu wenye saa ya mwisho. Niwapeleke mezani. Ni saa kumi na moja jioni. Ukurasa wa tatu ulikuwa na habari ya mzozo wa ardhi. Wakili ameisoma, ameizuia, anataka nyaraka zaidi. Mwandishi aliyetumwa bara hajarudi, na pesa za kumtuma mwingine hazipo. Ukurasa uko mtupu. Kwenye barua pepe imeingia picha kutoka shirika la uhifadhi: kitoto cha faru kimezaliwa. Picha ni safi, imepigwa na fundi, ni ya bure, na chini yake kuna maneno yaliyokwisha kuandikwa. Mhariri anaivuta. Ningekuwa kwenye kiti kile ningeivuta pia.

Sababu yake haiishii kwenye urahisi. Mtoto wa mnyama hana wakili. Hana kabila, hana chama, hana dini. Hatapiga simu usiku kuuliza nani aliandika. Na zaidi ya yote, habari yake haimuudhi anayelipa. Tunajua sote kwamba katika nchi zetu serikali ni miongoni mwa watangazaji wakubwa wa magazeti, na kwamba kampuni kubwa zinaweza kuondoa matangazo yao kwa ghadhabu ya siku moja. Kila habari nzito ina mtu nyuma yake ambaye ingempendeza isichapwe. Habari ya kitoto cha faru haina mtu huyo, au ndivyo inavyoonekana. Vyombo vya habari vinapenda watoto wa wanyama kwa sababu ndiyo habari ambayo hakuna anayetakiwa kuijibia.

Na inalipa. Katika bustani ya wanyama ya London, mwaka 1949, alizaliwa dubu mweupe aliyeitwa Brumas, magazeti yakamshabikia, na mwaka uliofuata waliokwenda kuitazama bustani ile walizidi milioni tatu, rekodi yake. Berlin, Desemba 2006, alizaliwa Knut, naye dubu mweupe. Mama yake alimkataa, pacha wake akafa, na mtunzaji Thomas Dörflein akamlea kwa chupa akilala karibu naye. Siku alipotolewa nje mara ya kwanza, 23 Machi 2007, waandishi wa habari walikuja kwa mamia. Jina lake likasajiliwa kuwa alama ya biashara. Miaka minne baadaye alidondoka ndani ya bwawa na kufa mbele ya watazamaji, kwa ugonjwa wa ubongo, akiwa dubu mkubwa ambaye kamera nyingi zilikuwa zimekwisha kumwacha. Wakati wote huo Knut aliitwa nembo ya mabadiliko ya tabianchi. Alikuwa amezaliwa kizimbani katikati ya jiji na hakuwahi kuiona bahari ya barafu.

Nirudi nyumbani, Novemba 2022. Mwandishi wa runinga wa KBC amesimama mbele ya kamera katika kituo cha kulelea ndovu mayatima cha Sheldrick, ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Nyuma yake wako ndovu wadogo. Amenyoosha mgongo, uso wake mkavu, anazungumza juu ya ukame na wajibu wetu kwa viumbe vinavyoteketea. Ndovu mmoja ananyoosha mkonga, anaupitisha begani kwake, anampapasa sikio, anampapasa uso. Kijana anavumilia, anaendelea kusema. Mkonga unafika puani na mdomoni, anashindwa, anaangua kicheko. Mamilioni ya watu waliitazama ile video, kutoka Nairobi hadi New York. Ni video nzuri mno, na uvumilivu wa yule kijana unafaa kufundishwa darasani.

Alikuwa anasema nini lakini? Hapo ndipo habari ilipokatwa. Mwezi ule ule Wizara ya Utalii ya Kenya ilitoa hesabu ya wanyama waliokufa kwa ukame kati ya Februari na Oktoba: ndovu 205, nyumbu 512, punda milia wa kawaida 381, nyati 51, twiga 12, na punda milia wa Grevy 49, ambao duniani wamebaki elfu chache tu. Misimu ya mvua ilikuwa imekosa mfululizo. Mifugo iliyokufa kaskazini ilizidi milioni mbili, na Wakenya zaidi ya milioni nne walikuwa wakihitaji msaada wa chakula. Yatima wanaonyonyeshwa chupa wakifunikwa blanketi, walezi wakilala nao usiku ili wasife kwa upweke, ndio mwisho mwembamba wa habari hiyo. Kamera ilikuwa pale. Mwandishi alikuwa pale, tena na maneno sahihi mdomoni. Dunia ikakata maneno, ikachukua mkonga.

Sisi huku kwetu mtu akimkuta mtoto mdogo anazurura peke yake sokoni, neno la kwanza ni moja: mama yake yuko wapi? Hatuanzi kwa kumsifu macho. Naona ajabu kwamba swali hilo, ambalo kila mama muuza mchicha angeliuliza, ndilo mhariri hulisahau. Watoto wa wanyama wanaopata umaarufu kwenye eneo letu karibu wote ni mayatima. Yatima hapatikani hivi hivi. Mama aliuawa, au alikufa njaa, au alizolewa na maji, au alinaswa kwenye mtego uliotegwa na mtu mwenye sababu zake.

Hakuna mahali nilipoliona hili wazi kama Virunga.

Mwaka 2019 picha moja ilisambaa dunia nzima. Mlinzi wa Hifadhi ya Virunga, mashariki mwa Kongo, amejipiga picha kwa simu, na nyuma yake wamesimama gorila wawili wima kama watu wanaongoja basi. Dunia ikacheka kwa furaha. Wale walikuwa Ndakasi na Ndeze. Ndakasi alikutwa mwaka 2007, akiwa na umri wa miezi miwili, ameng'ang'ania maiti ya mama yake aliyepigwa risasi. Mlinzi aitwaye Andre Bauma alimchukua, na usiku ule wa kwanza akamkumbatia kifuani, ngozi kwa ngozi, ili asife kwa baridi. Gorila yule hakuweza tena kurudishwa msituni. Alilelewa katika kituo cha Senkwekwe, Rumangabo, na Bauma alikuwa naye miaka yote. Ndakasi alikufa mikononi mwake tarehe 26 Septemba 2021.

Senkwekwe lilikuwa jina la gorila dume aliyeuawa Julai 2007 pamoja na majike wa familia yake, wiki chache baada ya mama yake Ndakasi kuuawa. Nani aliwaua? Hawakuliwa, wala hawakukatwa mikono ya kuuzwa. Mkono wa lawama ulielekea kwenye makaa. Goma na miji inayoizunguka inapika kwa makaa, msitu wa hifadhi ndio ulio karibu, vita vimewajaza watu wasio na namna nyingine ya kupika, na biashara ile inawatajirisha wenye bunduki, wa jeshi na wa porini. Mwaka 2008 ofisa wa ngazi za juu wa hifadhi alikamatwa akituhumiwa kuhusika. Na walinzi waliosimama kati ya msitu na makaa wanakufa: zaidi ya 200 tangu hifadhi ianzishwe mwaka 1925. Tarehe 24 Aprili 2020, mwaka mmoja tu baada ya ile picha ya kuchekesha, watu wenye silaha waliwavamia karibu na Rumangabo na kuua watu 17, walinzi 12 miongoni mwao.

Watu waliopenda picha ya 2019 walikuwa mamilioni. Ningependa kujua ni wangapi waliambiwa kwamba aliyepiga picha ile amevaa sare ambayo ni hatari kuivaa. Mwandishi yeyote angeweza kuandika aya tatu tu chini ya picha: mama za gorila hawa waliuawaje, makaa yanakwenda wapi, kwa nini mtu huyu anabeba bunduki. Msomaji alikuwa amekwisha kuinama. Kumbukeni ule utafiti wa Hiroshima.

Kuna jambo jingine, na hili nalisema kwa niaba ya watu wasioalikwa kwenye mihadhara. Nani anayeona mtoto wa kiboko ni kitu cha kupendeza? Anayemwona kwenye karatasi. Mvuvi wa Naivasha au wa Ziwa Victoria anayejua jirani aliyeuawa na kiboko ana macho mengine. Mkulima wa Taita Taveta aliyelala juu ya dari akipiga debe kufukuza ndovu, kulipokucha akakuta mahindi yamelala chini, halipendi kundi lile kwa sababu lina mtoto. Ndovu mwenye mtoto ndiye wa kuogopwa zaidi. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 inasema mtu akiuawa na mnyama, familia yake ilipwe shilingi milioni tano. Wajane wengi wamengoja malipo hayo mwaka baada ya mwaka. Mtoto wa ndovu aliyeanguka kisimani akitolewa tunatuma kamera siku hiyo hiyo. Mjane aliye ofisini na faili yake hatutumi mtu. Kwa muda mrefu tumewafundisha watu wetu kwamba wanyama wana wenyewe, na wenyewe hao ni wageni. Kila picha tunayochapa bila kumtaja anayeishi jirani na mnyama inalipigilia msumari somo hilo.

Na mara nyingine picha inaua. Watoto wa duma huchukuliwa kwa mama zao Somaliland na Ethiopia, wakavushwa bahari hadi Uarabuni, ambako kwa miaka mingi matajiri walijionyesha mitandaoni wakiwa na duma garini na duma juu ya zulia. Wengi wa watoto hao hufa njiani, wamekaushwa na kuhara na kukosa maziwa. Umoja wa Falme za Kiarabu ulipitisha sheria ya kukataza mtu binafsi kumiliki wanyama wakali mwaka 2016, lakini biashara haijakoma. Mtoto wa duma ana manyoya marefu ya kijivu mgongoni, ana michirizi myeusi kutoka jichoni hadi mdomoni kama aliyekwisha kulia, na akiita analia kama ndege. Kila anayeitazama video yake anamtaka, na yuko mtu anayeishi kwa kuuza hicho kinachotakiwa. Sokwe nao wamepatwa na hili. Utafiti uliochapishwa na jarida la Science mwaka 2008 ulionyesha kwamba watu wa Marekani waliwadhani sokwe hawamo hatarini kama gorila, na sababu moja waliyoitoa ni kwamba wanawaona mara kwa mara kwenye runinga, sinema na matangazo. Mnyama akionekana kila siku anadhaniwa yuko tele.

Wapo waliojaribu njia nyingine. Rwanda tangu mwaka 2005 hufanya sherehe ya Kwita Izina, ambapo watoto wa gorila waliozaliwa mwaka ule hupewa majina hadharani, chini ya milima ya Kinigi, kwa mfano wa desturi ya Wanyarwanda ya kumpa mtoto jina mbele ya jamaa na majirani. Kamera zinakuja, wakubwa wanakuja, picha za watoto wa gorila zinakwenda duniani. Lakini mbele ya jukwaa wamekaa watu wa vijiji vinavyopakana na hifadhi, na siku hiyo yanatajwa madarasa na vituo vya afya vilivyojengwa kwa sehemu ya mapato ya utalii ambayo sheria imewatengea, asilimia 10 tangu 2017. Mtu anaweza kuhoji kama inatosha, na mwandishi mzuri atahoji. Lakini pale mtoto wa mnyama ameletwa pamoja na majirani zake, na hesabu imewekwa mezani ikaguliwe. Gorila wa milimani leo wamepita 1,000 na mwaka 2018 waliondolewa kwenye daraja la walio hatarini kabisa. Imewezekana.

Hata kile kisa chetu cha Bamburi kilikuwa na utajiri tulioupita mbio. Mahali Owen alipomkuta Mzee palikuwa shimo la kiwanda cha saruji. Miaka ya 1950 na 1960 walichimba pale matumbawe ya kale hadi pakabaki jangwa jeupe, hapaoti jani. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti, na mvinje ndio ulioshika vizuri zaidi. Majani ya mvinje yalikuwa magumu hayaozi, mpaka walipoletwa jongoo wenye miguu myekundu, wakayala, kinyesi chao kikawa udongo. Fikirini hilo: msitu mzima uliosimama juu ya kazi ya jongoo, ndani ya mji wa Mombasa, ambao machimbo mengine ya pwani hii yangeweza kuuiga. Mamilioni walitazama kuelekea pale. Hatukuwaonyesha kile ambacho Owen na Mzee walikuwa wamekikanyaga.

Wanafunzi wangu, hamtasikia kwangu kwamba mwache kuandika juu ya watoto wa wanyama. Mimi nitaendelea kuwachapa. Mtoto wa mnyama ndiye mgeni pekee anayefunguliwa mlango na kila msomaji, awe wa upande gani wa siasa, na mwandishi anayeukuta mlango umefunguliwa akarudi bila kuingia ameitupa kazi yake. Ninachowaomba kina gharama ndogo. Mkipewa picha na shirika, shukuruni, kisha pigieni simu mtu ambaye si wa shirika hilo. Ulizeni nani jirani wa mnyama huyu na amepoteza nini. Andikeni jina la mtunzaji, mshahara wake, na siku aliyokaribia kufa. Mkirudi baada ya mwaka, rudini hata kama mtoto amekua na hapendezi tena.

Na kwenu wahariri, ambao ndio mnaokata: picha itoeni, itoeni kubwa, ukurasa wa kwanza mkitaka. Lakini kabla haijaenda mtamboni mwulizeni mwandishi wenu mama yake yuko wapi, na akiwa hajui, mpeni nauli akaulize.